Tempe ya Java na Udaga wa Bibi

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Baiolojia alimwagiza kila mwanafunzi wa kidato chetu aandike habari za kiumbe kidogo kifanyacho kazi kubwa. Wenzangu wengi waliandika juu ya nyuki, mchwa na mbu. Mimi nilichagua ukungu, yaani kuvu ile iotayo juu ya chakula kilichokaa. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwaka jana niliona kwa macho yangu jinsi watu wa kisiwa cha Java, katika nchi ya Indonesia, wanavyoitumia kuvu kutengenezea chakula chao kiitwacho tempe. Ya pili ni jambo la aibu nililolifanya hapa hapa shuleni, nami naona afadhali nilieleze mwenyewe kuliko kulificha.

1. Siku ya wazazi

Kwetu ni Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Nilipokuwa kidato cha pili, Bibi mzaa baba alikuja kunitazama siku ya wazazi. Alivuka ziwa kwa meli kutoka Nansio mpaka Mwanza, akalala kwa ndugu yetu, na alfajiri akapanda basi. Katika kikapu chake mlikuwa na sato mkavu, na ugali wa udaga uliofungwa kwa majani ya mgomba.

Kwa wasiojua, udaga ni muhogo uliovundikwa mpaka ukaota ukungu, kisha ukaparuzwa, ukaanikwa na kusagwa. Ugali wake ni mweusi-mweusi, unavutika, na una harufu yake. Kwetu mtu huweza kula wali sahani mbili, na bado akasema hajala, maana hajaona udaga.

Wenzangu walipoufungua wakacheka. Mmoja akauliza, "Lami hii nayo inaliwa?" Nami badala ya kumkaribisha nikacheka pamoja nao. Nikamwambia Bibi kwamba nimeshiba, nitakula jioni. Alipoondoka nikauchukua ule ugali mpaka kwenye shimo la taka, nikautupa. Juma lililofuata alipiga simu kwa mwalimu wa zamu, nikaitwa. Aliniuliza neno moja tu, "Uliula?" Nikamjibu, "Niliula, Bibi. Ulikuwa mtamu."

2. Safari yetu

Mama yangu ni mwalimu. Alipata nafasi ya masomo ya juu katika mji wa Yogyakarta, kwa msaada wa serikali ya Indonesia. Alipokwisha kukaa huko mwaka mmoja na nusu, Baba aliuza kiwanja chake ili twende kumtazama katika likizo ya mwezi wa Juni. Wako waliomlaumu wakisema kiwanja ni mali na safari ni moshi. Yeye aliwajibu kwamba mdogo wangu anamjua mama yake kwa picha ya simu tu, na kiwanja hakiwezi kuliponya jambo hilo.

Siku ya kuondoka Bibi aliniambia, "Mimi ni mzee, ndege siiwezi. Ukirudi, uniambie watu wa huko wanakula nini." Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa nilikumbuka lile shimo la taka.

Tuliruka kutoka Dar es Salaam, tukabadili ndege Doha, tukatua Jakarta, kisha tukapanda gari moshi mpaka Yogyakarta. Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, na zaidi ya nusu ya wananchi wake wanakaa katika kisiwa kimoja cha Java. Saa zao zimetutangulia kwa saa 4. Mwezi wa Juni kwao ni kiangazi kama kwetu, maana Java nayo iko kusini ya ikweta, na joto lake si geni kwa mtu wa ziwani.

Tulitembelea hekalu la Borobudur, lililojengwa kwa mawe katika karne ya 8 na ya 9, lenye sanamu 504 za Buddha. Tulisikiliza ngoma za shaba ziitwazo gamelan. Tuliwaona akina mama wakichora vitambaa vya batiki kwa nta ya moto. Lakini kilichonistaajabisha mapema zaidi kilikuwa maneno. Wakiulizana hali husema "apa kabar", na hiyo "kabar" ndiyo habari yetu. Sabuni kwao ni "sabun", karatasi ni "kertas", wakati ni "waktu", Ijumaa ni "Jumat", na dunia ni dunia hivyo hivyo. Sababu yake ni kwamba sisi na wao tuliyapokea maneno hayo kutoka Kiarabu, kwa njia ya dini na biashara ya baharini.

Hata vyakula vyao vingine tunavijua. Yogyakarta inasifiwa kwa chakula kiitwacho gudeg, nacho ni fenesi bichi lililopikwa kwa saa nyingi katika tui la nazi na sukari ya mnazi mpaka likawa jekundu-jekundu. Wanakula wali, samaki, nazi, muhogo na ndizi. Isitoshe, asili ya mgomba ni nchi za upande ule wa dunia, nao ulifika Afrika zamani sana. Kwa hiyo hata jani alilofungia Bibi ugali wake lina jamaa huko.

3. Jinsi tempe itengenezwavyo

Jirani wa Mama alikuwa bibi mmoja mtengenezaji wa tempe. Watu wote walimwita Mbah, yaani Bibi kwa Kijava. Mama alimwomba aniruhusu nitazame kazi yake, naye akakubali kwa neno "monggo", ambalo ni kama karibu yetu. Nilikwenda siku tatu na daftari langu. Haya ndiyo niliyoyaandika.

(a) Maharage ya soya huoshwa na kuchemshwa, kisha hulowekwa katika maji usiku kucha. Maji hayo huanza kuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo huzuia vijidudu vibaya visistawi.

(b) Asubuhi maganda hutolewa. Zamani soya zilikanyagwa kwa miguu ndani ya pakacha mtoni. Siku hizi wengi hutumia mashine ndogo. Mbah alizisugua kwa mikono katika beseni, na maganda yakaelea juu ya maji yakamwagwa.

(c) Soya huchemshwa tena, huchujwa, na kutandazwa juu ya ungo zipoe na kukauka. Ungo wao ni sawasawa na wetu. Mbah aliniambia nisiwe na haraka hapa, maana soya zenye maji huoza.

(d) Zikiisha kupoa hunyunyiziwa mbegu ya kuvu, waiitayo ragi. Zamani mbegu hiyo ilitunzwa juu ya majani ya mti uitwao waru. Mbah alinyunyiza kidogo tu, kama mtu anayetia chumvi, akachanganya kwa mkono.

(e) Soya hufungwa katika majani ya mgomba, au katika mifuko ya plastiki iliyotobolewa matundu, maana kuvu inahitaji hewa. Vifurushi huwekwa mahali penye joto kwa muda wa siku moja na nusu mpaka mbili.

Siku ya tatu Mbah alinifungulia kifurushi kimoja. Soya zote zilikuwa zimeshikamana zikawa kipande kimoja kigumu, cheupe kama pamba, chenye harufu ya uyoga. Nilikigusa nikakuta kina joto, ingawa hapakuwa na moto karibu. Kuvu ikikua hutoa joto lake yenyewe.

Mbah alikata vipande vyembamba, akavichovya katika maji yenye chumvi, kitunguu saumu na giligilani iliyotwangwa, akavikaanga mpaka vikawa rangi ya dhahabu. Vingine alivipika katika maji ya dafu na sukari ya mnazi mpaka maji yakakauka. Hivyo huitwa tempe bacem. Tuliketi mkekani, sisi wanne na watu wa nyumba yake, tukala kwa mkono wa kulia.

4. Swali la Mbah

Nakiri kwamba kipande cha kwanza nilikishika muda mrefu kabla ya kukila. Akilini mwangu niliuona ule ukungu mweupe tu. Mbah alinitazama, akasema jambo kwa Kijava, na mjukuu wake akalitia katika Kiindonesia ili Mama aelewe. Swali lilikuwa hili: "Je, kwenu pia kuna chakula kilichooteshwa ukungu?"

Nikajibu upesi, "Hakuna."

Mama alinigeukia akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Na udaga wa bibi yako je?" Kisha akamweleza Mbah habari za udaga kwa kadiri alivyojua. Yule mzee akafurahi mno. Akaacha kula, akaanza kuniuliza maswali mfululizo. Muhogo unavundikwa siku ngapi? Unafunikwa kwa majani gani? Ukungu wake una rangi gani? Mtu anajuaje kwamba umekwisha kuwa tayari? Unaharibikaje?

Ndugu wasomaji, sikuweza kujibu hata swali moja. Nilikuwa nimezaliwa na kulelewa katika nyumba ya udaga. Kwa siku tatu nilikuwa nimeandika kurasa sita juu ya chakula cha watu wengine, lakini juu ya chakula cha kwetu sikuwa na mstari mmoja. Baba alitazama chini. Usiku ule nilimweleza Mama habari ya shimo la taka. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Hilo si langu kulisamehe. Lipeleke kwa mwenyewe."

5. Kazi ya ukungu

Sasa nieleze yale niliyojifunza baadaye kwa msaada wa mwalimu wetu. Kuvu ya tempe ni ya jamii iitwayo Rhizopus. Hutandaza nyuzi zake nyembamba kati ya soya na ndani yake, na humwaga vimeng'enya vinavyovunja protini na mafuta katika sehemu ndogo ndogo. Kwa hiyo soya, ambayo ni ngumu kusagika tumboni, huwa chakula chepesi. Katika gramu 100 za tempe mna protini karibu gramu 20. Katika miaka ya 1942 hadi 1945, Wajapani walipoitawala nchi ile, tempe iliwasaidia wafungwa wengi wa vita katika makambi, ambao matumbo yao dhaifu yasingaliweza kusaga soya zilizochemshwa tu.

Udaga nao una kazi yake, ila ni kazi ya namna nyingine. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi iliyofungika ndani yake. Muhogo ukivundikwa, kuvu za namna mbalimbali, pamoja na za jamii ile ile ya Rhizopus, huulainisha. Nyama ya muhogo ikilainika, ile sumu hufunguka, na sehemu yake kubwa huondoka hewani wakati wa kuvundika na kuanika.

Hili si jambo la mchezo. Mwaka 1985 ukame na njaa viliingia wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Watu walikula muhogo mchungu bila kuuandaa kwa siku za kutosha. Baadhi yao, hasa watoto na wanawake, walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, ambao hauponi. Basi zile siku ambazo Bibi huusubiri udaga wake, ambazo mimi niliziona kuwa ushamba, ndizo zilizoilinda miguu yangu.

6. Tahadhari

Msomaji asidhani kwamba kila ukungu unaliwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, nayo ni sumu ya kuvu nyingine iotayo juu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Hata Java kwenyewe kulikuwa na tempe ya machicha ya nazi, iitwayo bongkrek, iliyoua watu wengi kwa sababu bakteria mbaya waliingia humo wakatoa sumu. Serikali yao iliipiga marufuku mwaka 1988. Sumu hiyo hiyo ilikutwa katika pombe ya kienyeji iliyoua watu zaidi ya 70 huko Chitima, nchini Msumbiji, mwezi wa Januari 2015.

Kwa hiyo jambo kubwa ni elimu ya mwenye kutengeneza. Mbah akiona tempe yenye utelezi na harufu mbaya huitupa. Bibi naye ana alama zake. Elimu hiyo haikuandikwa popote nyumbani kwetu. Imo katika vidole na pua zao, na wasiporithiwa itakwenda nao.

7. Chakula kilichodharauliwa

Jambo jingine lililonifariji ni kwamba tempe nayo ilidharauliwa. Ni chakula cha zamani, kilichotajwa katika Serat Centhini, kitabu cha Kijava cha mwanzo wa karne ya 19. Lakini kwa kuwa ni rahisi, watu wakakiona cha maskini, na kumwita mtu tempe ilikuwa kumwita dhaifu. Rais wa kwanza wa nchi hiyo, Soekarno, aliwaonya watu wake wasiwe taifa la tempe.

Leo mambo yamegeuka. Tempe huliwa na matajiri na maskini, na inatengenezwa Ulaya na Marekani pia. Bei ya soya, ambazo nyingi wanazinunua kutoka Marekani, ilipopanda mwezi wa Januari 2008, watengenezaji wa tempe waliandamana Jakarta, na serikali ikalazimika kuwasikiliza. Chakula ni kile kile. Kilichobadilika ni macho ya watu.

8. Kurudi kwa Bibi

Tuliporudi nilikwenda Ukerewe kabla shule haijafunguliwa. Nilimweleza Bibi habari za wali, fenesi na tempe, naye akasikiliza kwa makini sana. Kisha nikamwambia kwamba ule ugali nilioletewa shuleni sikuula, niliutupa.

Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Nilijua. Mtu aliyekula udaga wangu hasemi ulikuwa mtamu. Huuliza utaletwa tena lini."

Sikuwa na la kujibu. Nikamwomba radhi, nikamwomba anifundishe. Akaniambia nilete kisu.

Kwa siku tisa nilifanya kazi naye. Tulimenya muhogo, tukauanika siku moja, tukaurundika juu ya majani makavu na kuufunika kwa majani na magunia. Siku ya nne alinishika kidole akakibonyeza juu ya kipande, akasema, "Kikiingia hivi, tayari. Kikikataa, ngoja. Njaa isikuharakishe." Tuliparuza ukungu, tukaumega muhogo vipande vidogo, tukauanika juu ya mwamba mpaka ukakauka kabisa. Majibu ya maswali yote ya Mbah niliyaandika, na Mama akampelekea. Mbah alituma salamu kwamba anamheshimu mwenzake wa ng'ambo.

Siku ya wazazi iliyofuata Bibi alikuja tena na kikapu. Safari hii niliwakaribisha wenzangu mwenyewe, nikawaeleza ni kitu gani na kinatengenezwaje. Yule aliyeuita lami alikula matonge matatu. Mwingine alionja akasema yeye atabaki na mahindi, nami sikumlaumu, maana kila mtu na ulimi wake. Nilikula mpaka jani likabaki tupu mbele ya Bibi.

Mafunzo

Wasemao mdharau chake ni mtumwa hawakukosea. Katika shule hii tumo wa makabila mengi, na kila mmoja ana bibi, mama au shangazi ajuaye jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu: kuvundika, kuchachusha, kukausha, kukoza moshi. Likizo ijayo nakuomba, mwenzangu, uchukue daftari ukamwulize mmoja wao maswali matano ya Mbah: siku ngapi, kwa majani gani, rangi gani, unajuaje kuwa tayari, na unaharibikaje. Ukiweza kuyajibu yote matano, umekijua chakula chenu. Usipoweza, basi anza sasa, angali hai wa kukuonyesha.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne